Meza nne za Sinza, na mpwa wangu aliyesema pool ni ya wazee

Kabla sijavuta kiti nilizipitia meza zote nne kwa kiganja. Ndivyo ninavyoingia popote penye pool: nalaza mkono kwenye kitambaa, nausukuma kwenda mbele, kisha nauvuta kurudi. Kitambaa kilicho hai kina upande wake wa kulala, kama manyoya ya mgongo wa paka. Ukienda nao kinateleza, ukienda kinyume kinagoma kidogo. Kilichokufa hakina upande, kimekwisha kama suruali ya kaki ya miaka mitano. Pale Sinza meza tatu kati ya nne zilikuwa hai, na kwa mtu anayezunguka na meza za mji huu kila wiki, hilo peke yake lilinitosha kukaa chini na kuandika.

Jina la ukumbi siliandiki. Kuna mapungufu nitakayoyasema, mwenyewe nimeshamwambia ana kwa ana na ameomba muda ayarekebishe. Uko ghorofa ya kwanza, mtaa wa nyuma ya Shekilango, juu ya duka la vifaa vya umeme. Ukishuka mwendokasi kituo cha Shekilango, bodaboda inakufikisha kabla hujamaliza kuongea na simu. Bei ni 8,000 kwa saa hadi saa 12 jioni, baada ya hapo 12,000. Nililipa saa mbili za mchana kwa hela yangu, na hakuna aliyejua kazi yangu mpaka nilipotoa pimamaji mfukoni.

Mimi ni fundi wa meza za pool tangu 2003. Nabadilisha vitambaa, raba za ukingoni, ncha za fimbo na midomo ya kutumbukizia sarafu. Nilikwenda na mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ana miaka 19 na yuko chuo mwaka wa kwanza. Kumpata aje ilinichukua wiki tatu. Kila nikimgusia alikuwa ananijibu kwa adabu zake zote: "Mjomba, nitakuja, lakini ile kitu si ni ya wazee wa baa?"

Neno hilo nimetembea nalo. Katika baa kumi ninazohudumia sasa, wanaozunguka meza ni watu wa rika langu au wadogo zangu kidogo. Wale vijana wa miaka kumi na nane, ishirini, ambao zamani walikuwa wanapanga foleni ya sarafu ukingoni mwa meza, siwaoni. Ukiuliza, kila mtu ana jibu mdomoni: simu, PlayStation, mikeka. Vijana hawana subira.

Hilo la subira silikubali. Mpwa wangu nimemfuata mara nyingi kwenye banda la magemu, na nimemwona akipiga faulo ileile ya nje ya boksi hadi mwenye banda anakuja kudai hela nyingine. Anakosa, anarudia, anasogeza kidole kidogo, anarudia. Kijana wa namna hiyo hana upungufu wa subira hata kidogo. Ana kitu kule ambacho pool yetu ya mtaani haimpi, na mimi nilikwenda Sinza kuona kama meza nzuri inaweza kumpa.

Tulipewa meza namba 2. Ni meza za Kichina za futi 9, zile ambazo mashimo yake yana midomo ya mviringo kama ya snooker, ule mchezo ndugu wa pool unaochezwa kwenye meza kubwa zaidi. Mpira ukigusa ukingo kabla ya shimo, hauingii kwa huruma. Nikauweka mpira mweupe upande mmoja mfupi, nikausukuma kwa vidole, taratibu mno, uvuke meza. Mpira unaokwenda kasi unaficha ubovu, lakini unaokaribia kusimama unatoa siri zote. Kama meza imeinama, zile sentimeta thelathini za mwisho utauona unaacha njia yake na kutafuta bonde. Ule ulikwenda, ukapunguza, ukasimama palepale nilipokuwa nimepaangalia. Nikarudia kandokando ya ukingo wa kushoto, kisha wa kulia. Nikaweka na pimamaji, kiputo kikakaa katikati. Kijana anayehudumia akaja kuniuliza kwa upole nafanya nini, nikamwambia, na kuanzia hapo akawa ananiamkia kila akipita.

Mpwa wangu akashika fimbo kama anashika jembe. Nikamwekea mpira wa kijani, namba 6, mita moja kutoka shimo la kona, mweupe nyuma yake, karibu mstari mmoja. Akapiga. Mpira ukagonga mdomo wa shimo upande wa kushoto ukarudi.

"Mjomba, sasa hapo nimekosea nini?"

Swali hilo, katika miaka zaidi ya ishirini, nimeulizwa na wanaojifunza mara nyingi sana, na mara nyingi sana sikuwa na jibu la kweli. Kwenye meza iliyoinama, yenye vizibo vya soda chini ya mguu mmoja na kitambaa kilichoshonwa kwa uzi wa viatu, nani ajuaye nani kakosea? Huenda mkono wako ulikuwa sawa na meza ndiyo iliyokupinda. Huenda ulikosea na meza ikakurekebishia mpira ukaingia, ukaondoka umejifunza kosa. Aliyecheza hapo miaka kumi anaijua: "hapa lenga kulia kidogo, inavuta." Mgeni haijui. Na mgeni ndiye kijana.

Sinza nilikuwa na jibu. Nikamwambia, kiwiko chako kimetoka nje, na kichwa umekiinua kabla fimbo haijamaliza safari. Akapiga tena, akakosa palepale, kushoto. Hiyo ndiyo raha ya meza iliyonyooka, kosa lilelile linazaa tokeo lilelile. Mara ya tatu nikamshikia bega tu, kwa kidole kimoja. Mpira ukaingia bila kugusa chochote, ukatoa ile sauti ya kushuka kwenye wavu. Sikusema neno. Akaenda mwenyewe kuutoa shimoni, akaurudisha palepale, akauweka na mweupe palepale. Alirudia mara kumi na moja, akaingiza saba. Simu yake ilikuwa juu ya kiti, ikawaka mara mbili, hakugeuka.

Hapo niliielewa ile PlayStation. Kidude cha mkononi hakimdanganyi. Akikosea anajua amekosea, akipatia anajua amepatia, na hesabu yake inakua. Meza zetu za mtaani zinamchukulia 500 na kumwacha gizani.

Niseme namna zilivyofika hapo, maana nilikuwemo. Nimekuwa na meza zangu mbili, Manzese na Tandale. Utaratibu ulikuwa hivi, na hadi leo ndio huo kwa wengi: mwenye meza anaiweka kwenye baa ya mtu, mara moja kwa wiki anakuja na ufunguo, wanafungua kasha la sarafu, wanahesabu, wanagawana nusu kwa nusu. Kitambaa kikichanika, mwenye baa anasema meza si yake. Mwenye meza anasema wateja ni wa baa, wamechana wateja wako. Kitambaa kinakaa kimechanika. Mimi mwenyewe niliacha meza ya Tandale miezi saba na tundu la sigara karibu na shimo la kati, kwa sababu hela ilikuwa bado inaingia. Wazoefu walikuwa wanaendelea kutumbukiza sarafu. Waliokuwa hawarudi ni wale wapya, na asiyerudi hakuletei malalamiko. Hutamwona. Utaona tu, baada ya miaka, kwamba watu wako wote wana mvi.

Kisha kuna sarafu yenyewe. Nilianza na meza za 200. Sarafu ya 500 ilipotoka mwaka 2014, mafundi tulipata kazi ya kubadilisha midomo, na kwenye meza zangu mchezo mmoja ukapanda mara mbili na nusu. Kwa mwenye ajira si kitu. Lakini fikiria utaratibu wa mtaani: anayeshinda anabaki mezani, anayeingia ndiye anayelipa. Kijana anayejifunza anatoa 500, anapiga mara tatu, mzoefu anamaliza mipira yote, basi, kaa pembeni. Akitaka kupiga mara thelathini ametumia 5,000 na hajafundishwa chochote. Yule anayejua anacheza bure usiku kucha kwa hela ya wasiojua. Sisi tuliona ni ushindani. Sasa naona tulikuwa tunawatoza ada watoto kwa shule isiyo na mwalimu.

Pale Sinza nilimhesabia. Kwa saa ya kwanza peke yake alipiga zaidi ya mara mia moja na arobaini. Wakija vijana wanne wakachanga, ni 2,000 kila mmoja kwa saa, na hakuna anayemfukuza mwenzake mezani.

Jambo jingine dogo ambalo wengi hawalijui. Kwenye meza nyingi za sarafu mpira mweupe si saizi ya mingine. Mingine ina kipenyo cha milimita 51 hivi, mweupe 48, ili ukizama mashine iweze kuutenga na kukurudishia. Ukiongeza miaka ya kuangukia sakafu ya saruji, mweupe unazidi kuisha na kupata meno. Kijana anajifunza kugonga kwa mpira mdogo, uliomeguka, halafu siku akikutana na seti nzima mkono wake wote unakuwa mgeni. Meza za Sinza hazina kasha la sarafu, kwa hiyo mipira yote ni ya milimita 57, mweupe pamoja nayo. Niliuzungusha mweupe kwenye mwanga, hauna hata kovu.

Na pale juu hakuna bia mpaka saa 12 jioni. Nimeliangalia hili kwa muda mrefu kuliko kitambaa. Pool kwetu imekulia baa. Mashindano makubwa tuliyoyajua, yale ya Safari Pool yaliyokuwa yanaanzia mikoani hadi taifa, yalibebwa na bia ya Safari, na wengi wetu tuna heshima nayo hadi leo. Lakini bia haiwezi kumwita mtoto wa miaka 13. Mpira wa miguu mtoto anauanza akiwa na miaka sita, uwanjani, na mama yake anamwona kupitia dirishani. Gemu ya simu anaianza kabla hajajua kusoma vizuri. Pool anatakiwa asubiri afike 18, ndipo aingie mahali ambapo mama yake hataki aingie. Mwaka 2016 Rais Magufuli aliposema hadharani juu ya vijana wanaocheza pool asubuhi badala ya kufanya kazi, wazazi wengi niliowajua walisema afadhali. Siwalaumu. Walichokuwa wanakiona ni meza mbele ya kreti za bia saa tatu asubuhi, na vijana wanawekeana hela.

Sinza, saa 9 mchana, nilikuta wasichana wawili wa chuo kwenye meza namba 1 na sahani ya chipsi mayai kwenye stuli. Kwenye meza namba 3 baba mmoja alikuwa na mtoto wake wa kiume, kama miaka 12, amemwekea kreti tupu la soda asimame afikie. Ukutani pameandikwa kwa kalamu nene: hairuhusiwi kuwekeana hela. Niliuliza kama wanalisimamia. Yule kijana akaniambia wiki iliyopita waliwatoa watu wawili. Nilikaa nikimtazama yule mtoto juu ya kreti. Baba yake alikuwa hamsemeshi, anamrudishia tu mpira.

Mwezi Mei 2025 nilifuatilia fainali ya dunia ya snooker kwenye simu. Mark Williams wa Wales, miaka 50, dhidi ya Zhao Xintong wa China, miaka 28. Zhao alishinda 18 kwa 12, bingwa wa kwanza wa dunia kutoka China. Kwa rika langu kumwona mtu wa miaka 50 fainali ni fahari, lakini pia ni dalili. Williams, John Higgins na Ronnie O'Sullivan wote wamezaliwa 1975, na wote watatu waliingia kwenye mchezo wa kulipwa mwaka 1992. Zaidi ya miaka thelathini baadaye kijana wa Uingereza bado anakutana nao mlangoni. Upya umetoka China, ambako Ding Junhui alishinda China Open mwaka 2005 akiwa na miaka 18, mbele ya watu wake, na Zhao wakati huo alikuwa mtoto wa miaka minane. Mtoto wa miaka minane kule alikuwa na mahali pa kwenda kushika fimbo. Mimi katika baa zangu kumi sina hata moja ambako naweza kumpeleka wa miaka minane.

Sasa mapungufu ya Sinza, maana yapo na si madogo.

Meza namba 4 haifai. Imebanwa na nguzo upande mmoja na ukuta upande mwingine. Fimbo ya kawaida ina urefu wa sentimeta 145 hivi, na unahitaji nafasi hiyo pamoja na ya kuvuta mkono nyuma. Pale kuna mita moja na robo. Wameweka fimbo fupi ya kuchezea upande huo, na anayejifunza akibadilisha fimbo kila baada ya mapigo mawili hatajenga mkono. Tena kitambaa chake ndicho kile kilichokufa, kina alama nyeupe za kuvunjia mipira mwanzoni mwa mchezo, zilizochimbika kama njia ya ng'ombe. Bei ni ileile ya meza nzuri. Hilo si haki, na nilimwambia mwenyewe aiondoe kabisa, meza tatu zinatosha kwa chumba kile.

Taa za meza namba 3 zimening'inizwa upande mmoja, kila mpira una kivuli chake, na mtoto yule alikuwa analenga kivuli. Muziki uko juu kupita kiasi kuanzia saa 11. Choo cha wanawake hakina komeo, na kama unataka wale wasichana warudi, komeo la mlango wa choo linatangulia kitambaa.

Fimbo ndizo zilizonihuzunisha. Kati ya ishirini ukutani, nilipata sita zenye ncha ya ngozi iliyo sawa. Nyingine ngozi imeisha hadi plastiki, ukipiga inateleza na mpira unaruka ovyo. Ncha moja kuibadilisha ni kazi ya dakika kumi: unakwangua gundi ya zamani, unasugua kwa msasa, unagandisha mpya, unaichonga iwe na mgongo wa mviringo. Mtu ameagiza meza ya mamilioni na amemwachia mteja fimbo isiyoshika chaki. Na hakuna mwalimu. Kijana anayehudumia anajua kufagia kitambaa, anakwenda upande mmoja tu kama inavyotakiwa, nilimsifu kwa hilo, lakini akimwona mtu anashika fimbo kama jembe anampita. Wangepanga saa mbili tu kila Jumamosi mtu akae pale awaonyeshe wageni namna ya kuweka mkono na kusimama, wangepata wateja wa kudumu nao miaka ishirini.

Tulipomaliza, mpwa wangu aliuliza kama tunaweza kuongeza nusu saa. Nikamwambia hela imeisha, na ni kweli ilikuwa imeisha. Njiani kwenye ngazi akanieleza kuhusu kiwiko chake, kwa maneno yake, kana kwamba mimi sikuwepo.

Nimekubaliana na mwenye ukumbi nimtengenezee zile fimbo kumi na nne, kwa bei ya ngozi na gundi tu. Ukienda, nenda kabla ya saa 11, omba meza namba 2 au namba 1, na fimbo uichague kwa kuizungusha juu ya meza kwanza: ikiyumba, rudisha. Mpwa wangu ameshakwenda mara mbili bila mimi. Mara ya pili alinitumia picha ya mpira mweupe na wa kijani umewekwa mita moja kutoka shimo la kona, na chini yake ameandika, "Tisa kati ya kumi na moja."